"Hiyo ni hesabu tu, soma mbele": huyu muuza vitabu mnayemjua nyote ametuzoea vibaya

MpendaKurasa:
Wadau, simtaji jina. Mnamjua. Yule wa meza ya vitabu katikati ya jiji, aliyekuwa amekaa pale tangu Nairobi ikiwa kinamasi, wasifu wa marais kaupanga chini kwenye vumbi na vitabu vya kutajirika haraka juu kabisa.

Kitabu ni kile cha Michael Cohen, aliyekuwa wakili na mtu wa kazi chafu wa Donald Trump, kilichotoka Septemba 2020. Bei imetozwa ya kitabu kizima. Lakini ukitoka ukurasa wa 272 unatua wa 289! Na si utoto wake kule Long Island uliotoweka. Huo upo wote. Kilichoyeyuka ni malipo ya Stormy Daniels, yule mwigizaji wa filamu za ngono aliyedai alilala na Trump, yaani penyewe hasa. Mtu anaonyeshwa pengo kwa kidole, hainui hata macho kwenye simu: "Hiyo ni hesabu tu, soma mbele."

HESABU TU!

Sasa nisikilizeni, maana damu imechemka. Bila hesabu hiyo Cohen hana kitabu, ana porojo. Oktoba 2016, siku 12 kabla ya uchaguzi wa Marekani, alimlipa yule mama dola 130,000 apate kunyamaza. Hakutoa mfukoni. Alichukua mkopo kwa dhamana ya nyumba yake, mke wake asijue, akapitisha hela kwenye kampuni ya jina tu aliyoisajili Delaware. Halafu ndiyo inakuja ile hesabu ya Trump kumrudishia Cohen hela zake, iliyoandikwa kwa mkono juu ya taarifa ya benki: 130,000, jumlisha 50,000 ambazo Cohen alidai ameilipa kampuni moja ya teknolojia, jumla 180,000. Ikazidishwa mara mbili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu angelipwa kana kwamba ni ada ya uwakili, na ada inakatwa kodi, kwa hiyo walikadiria nusu itaenda kwa serikali. Hapo ni 360,000. Wakaongeza bonasi ya 60,000. Jumla 420,000, gawanya kwa miezi 12, unapata 35,000 kila mwezi, mwaka mzima wa 2017.

Hesabu hiyo ndiyo iliyomtia Trump hatiani kwa makosa 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara, Mei 2024, maana malipo hayo yaliandikwa kama ada ya uwakili. Ankara 11, hundi 11, maingizo 12 kwenye vitabu vya fedha. Jumlisheni wenyewe. Na huyu bwana anasema hesabu TU! Soma mbele! Mbele wapi, na daraja limebebwa?

Kikunjo16:
Pole. Ngoja nieleze kilichotokea kiwandani, maana kurasa 16 kamili hazipotei kwa kuchanika. Karatasi kubwa huchapwa kurasa 8 kila upande, ikikunjwa mara tatu unapata kikunjo kimoja cha kurasa 16. Sasa 272 ni 16 mara 17. Maana yake vikunjo 17 vya kwanza viko sawa, cha 18 kikarukwa wakati wa kukusanya. Panua kitabu mpaka uone gundi: kama zilichanwa, utakuta vipande vya karatasi vimebaki mgongoni. Kama ni safi, kikunjo hakikuwahi kuingia. Tena angalia huko mwisho, mara nyingi kikunjo kingine kimeingia mara mbili, kwa sababu anayekusanya aliokota rundo moja mara mbili akaruka lingine, na unene wa kitabu ukabaki uleule. Ndiyo maana kwa macho hukijui.

Kabla ya kulipa, usipekue ovyo. Angalia maungio: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hivyo hivyo. Ila dibaji zikiwa na namba za Kirumi, hesabu husogea, kwa hiyo tafuta ungio la kwanza ndipo uanze kuongeza 16.

BabaKayole:
Kwa hivyo jamaa ametoa pesa bila kufungua kitabu, sasa anatulilia sisi. Hata nyanya hununui bila kubonyeza.

MpendaKurasa:
Mnanunua vitabu kwa kubonyeza nyinyi? Shida si pengo peke yake! Pengo hutokea. Shida ni ule mdomo. Angesema "samahani, leta nikubadilishie", uzi huu usingekuwepo. Kasema hesabu TU.

Sura31:
Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kinachouzwa kifae kwa kazi yake. Kitabu chenye pengo hakifai. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza mpaka shilingi milioni moja na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Risiti itakusaidia kuthibitisha.

BabaKayole:
Risiti ya mezani kando ya barabara? 😂😂 Labda aandikiwe kwa mkono juu ya taarifa ya benki.

Mama_wa_Fasihi:
Nyinyi mnalia na Trump. Sisi wazazi tulie na nani? Vitabu vya fasihi vya shule vinavyouzwa mjini vimepigwa fotokopi, onyesho zima la tamthilia halipo, na mtoto anaulizwa dondoo hilohilo kwenye mtihani. Ukitaka kuijua nakala ya wizi tazama herufi: kingo zina ukungu, picha ya jalada imekolea wekundu, na ukurasa umepinda kidogo kwa sababu uliwekwa mshazari kwenye mashine. Haya, mnaotetea hesabu, teteeni na hilo.

Ushahidi_Kwanza:
Turudi kwa Cohen kidogo. MpendaKurasa, ile 50,000 uliyoitaja haikuwa yote ya kampuni ile. Cohen mwenyewe alikiri kizimbani Mei 2024 kwamba aliwapa kama dola 20,000 taslimu, kwenye mfuko wa kaki, zilizobaki akazibania. Na kwa kuwa kila kitu kilizidishwa mara mbili, nazo zilizidishwa. Kwa hiyo usimsome kama msahafu. Soma kitabu na kumbukumbu za kesi pamoja. Na ujue kitabu hicho kilimrudisha jela: Julai 2020 alikuwa ameachiliwa kwa sababu ya korona, akakatalia karatasi ya kumzuia kuchapisha, akarudishwa ndani. Jaji akasema ni kulipiziwa kisasi, akaamuru atolewe.

MpendaKurasa:
Unaona! Hata mfuko wa kaki una hesabu yake! Halafu mtu anakwambia...

Faharasa_Iko_Wapi:
Angalau Cohen katoboa. Wasaidizi wa wanasiasa wetu wakiandika ni kurasa 400, picha za harusi zimejaa katikati, faharasa hakuna. Faharasa wanaiacha makusudi, maana mtu akisimama dukani angetafuta jina lake, akasoma ukurasa wake, akarudisha kitabu.

Mama_wa_Fasihi:
Na uzinduzi hotelini, wiki moja baadaye kitabu hakipo dukani hata kwa dawa.

BabaKayole:
Mimi langu ni gundi. Kitabu kipya kikifunguliwa kidogo tu, karatasi zinamwagika.

Kikunjo16:
Hapo mgongo haukukwaruzwa kabla ya gundi. Vikunjo vikikatwa mgongoni lazima karatasi zikwaruzwe zitoe nyuzi ndipo gundi ya moto ishike. Ikipakwa ikiwa imeanza kupoa, inalala juu tu, na ikikauka inavunjika. Usitie gundi ya shule juu yake. Kwangua ya zamani yote, bana karatasi kati ya mbao mbili, kwaruza mgongo kwa msasa, paka gundi nyeupe ya mbao tabaka mbili nyembamba, weka kitambaa chepesi kabla ya la pili, acha mpaka kesho.

BabaKayole:
Msasa namba ngapi?

Kikunjo16:
80 inatosha.