Mrejesho: fundi wa mitandao wa Lubumbashi sasa yuko kwenye usalama wa akili unde

Ndugu zangu, mwaka jana niliuliza kama fundi wa mitandao ya kompyuta hapa Lubumbashi anaweza kuhamia usalama wa akili unde bila kurudi chuo kikuu. Wengi mlinishauri nianzie utawala wa data, yaani kusimamia jinsi data inavyotunzwa na kutumiwa. Nimefuata, na kazi nimeipata, katika kampuni moja ya kusafirisha shaba. Asanteni sana.

Kilichonifungulia mlango ni sheria. Sheria yetu ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inagusa ulinzi wa data binafsi, na kwenye usaili wakubwa waliniuliza hiyo kabla ya kitu kingine. Nilisoma pia mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kuhusu hatari za akili unde, wa Januari 2023, unapakuliwa bure. ISO/IEC 42001, kiwango cha kimataifa cha kusimamia akili unde, inauzwa, kwa hiyo msianze nayo.

Kazi yenyewe ni kujua data iko wapi: vitambulisho vya madereva, nani anaviona, vinafutwa lini. Lakini kilichowashtua wakubwa ni jaribio dogo. Nilificha maagizo kwa maandishi meupe ndani ya ankara ya majaribio, nikaipa programu ya akili unde inayofupisha hati. Ikayatii maagizo yangu, ikaandika kwamba ankara imeshalipwa! Tangu siku hiyo hakuna malipo yanayopita bila mtu kuisoma hati halisi.

Dada wa Bukavu aliyeuliza kuhusu Python, lugha ya kuandikia programu: ndiyo, jifunze, hata kiasi cha kusoma kumbukumbu za seva (logs) tu.