Monita ya mtumba: nyeupe imekuwa njano, herufi zina ukungu, halafu kioo kinazima ghafla

dirisha_dogo:
Habari wakuu. Nina monita ya mtumba ya inchi 19, zile za umbo la karibu mraba, nimeiunganisha na kompyuta kwa kebo ya VGA. Kila kitu cheupe kinaonekana cha njano. Herufi nazo zina ukungu, "m" na "n" zinakaribia kugusana. Kinachoniumiza zaidi ni hiki: nikiiwasha asubuhi picha inatokea kama sekunde mbili, kisha kioo kinakuwa cheusi ilhali taa ya kijani ya kitufe inaendelea kuwaka. Nikizima na kuwasha tena na tena hatimaye inashika, na ikishapata moto haisumbui hadi kesho yake. Nimeambiwa kioo kimekufa, nitupe. Ndiyo ninayofanyia kazi, naombeni msaada.

kombo_pc:
Mkuu, anza na rezolusheni, yaani idadi ya nukta zinazounda picha. Vioo vingi vya inchi 19 vya umbo hilo vina nukta 1280 kwa 1024. Ukiweka 1024 kwa 768, monita inalazimika kuivuta picha ijae kioo, lazima herufi zipate ukungu. Weka 1280 kwa 1024, hezi 60, halafu bonyeza AUTO kwenye monita ijipange na mawimbi ya VGA.

fundi_saketi:
Usiitupe. Kwa dalili hizo kioo chenyewe ni kizima, na hayo ni magonjwa tofauti, kila moja na mahali pake.

Kwanza ujue kosa liko upande gani. Fungua menyu ya monita kwa vitufe vyake vya mbele. Menyu ile haitoki kwenye kompyuta, monita inaichora yenyewe. Kama picha ni ya njano lakini menyu ina nyeupe safi, tafuta kwenye kebo, plagi au kompyuta. Menyu nayo ikiwa ya njano, rudisha mipangilio ya kiwandani, maana huenda aliyekuwa nayo alipunguza buluu. Isiporudi, tatizo limo ndani. Natamani kila anayenunua monita ya mtumba alijue jaribio hili. Watu wanafungua monita nzima nzima kumbe kebo imekatika.

Naishuku kebo yako. VGA hupitisha nyekundu, kijani na buluu kila moja kwenye pini yake: 1, 2 na 3. Buluu ikikatika, mwanga mwekundu na wa kijani vikichanganyika vinatoa njano. Chomoa plagi uitazame kwenye mwanga: pini ya buluu ni ile ya katikati katika safu ya upande mpana. Ukikuta tundu moja tupu kwenye safu ya kati usishtuke, kebo nyingi hazina pini ya 9.

Kuhusu kuzima, chukua tochi. Kioo kikishakuwa cheusi, tia giza chumbani na uimulike kwa mshazari, tochi iwe karibu kabisa na kioo. Ukiona herufi kwa mbali, picha ipo, kilichozimika ni taa ya nyuma inayomulika kioo.

zuhura_k:
Ikiwa ni taa ya nyuma si abadilishe mirija yake ya mwanga tu?

fundi_saketi:
Dada Zuhura, mirija ningeiweka ya mwisho. Mrija uliochoka mara nyingi huanza kwa mwanga wa rangi ya waridi na kufifia, naye hajataja hivyo. Tena ni myembamba, inavunjika upesi, na ndani ina zebaki.

Inayopona ikipata moto inanipeleka kwenye kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, za pawa saplai. Zikizeeka hufanya kazi vibaya zaidi zikiwa baridi. Umeme unayumba, na inveta inayowasha mirija inajizima ili kujilinda. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyochoka huvimba palepale kwenye alama ya msalaba, na nyingine huacha utomvu wa kahawia uliokauka. Badala yake weka yenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, ya nyuzi joto 105, aina ya ukinzani mdogo. Kabla ya kuing'oa, kumbuka mstari wa hasi ulielekea wapi.

Ila nakusihi sana: kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inaweza kubaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa. Kama hujawahi kushika ubao wa pawa saplai, mpelekee fundi.

dirisha_dogo:
Fundi, ahsante sana. Menyu ilikuwa nyeupe safi, na pini ya katikati ilikuwa imelala kabisa. Nimeweka kebo nyingine, njano imekwisha. Nimepanga 1280 kwa 1024, sasa nasoma bila kukunja uso. Kwa tochi herufi zilionekana. Fundi aliyeifungua amekuta kapasita mbili zimevimba, amezibadilisha, na asubuhi inawaka mara moja. Umebaki mstari mwembamba wa kijani, wima, upande wa kulia. Huo nao unatibika?

fundi_saketi:
Ingia kwenye menyu, isogeze hadi ikae juu ya mstari. Mstari ukiikata na menyu pia, tatizo ni maungio ya utepe ulioshikishwa kwenye ukingo wa kioo. Utepe huo haulehemiwi kwa mkono. Usikubali anayekushauri ubonyeze ukingo: mstari hupotea kidogo kisha hurudi, na unaweza kupasua kioo. Kama hauzibi kazi yako, itumie hivyohivyo.

dirisha_dogo:
Umeikata na menyu. Nimehamishia madirisha ya kazi upande wa kushoto, nitaitumia hivi.