Naomba ushauri: kuahirisha kazi za chuo kunanimaliza

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili chuoni. Kuna kazi ya kurasa 10 tuliyopewa wiki tatu zilizopita, inatakiwa keshokutwa, na mpaka sasa nimeandika jina langu na kichwa cha habari tu. Kila nikikaa, naona meza chafu, naifuta, napanga vitabu upya, nashika simu, mara saa sita usiku. Sidhani ni uvivu, maana usiku wa mwisho huwa naandika hadi alfajiri. Nahisi naogopa kuandika kitu kibovu. Mbinu ya Pomodoro, dakika 25 kazi na 5 mapumziko, nimeijaribu. Yale mapumziko ndiyo yananimeza. Mliopitia haya, ile sentensi ya kwanza mliianzaje? Na simu mliiweka wapi?