Mbwa aliyewahi kudhurika na chanjo: tumchanjeje kabla ya kuhamia Ujerumani?

Mama Neema, Dar es Salaam

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mume wangu amepata kazi Leipzig, Ujerumani, nasi tunatarajia kumfuata mwezi Desemba shule zitakapofungwa. Mbwa wetu Popi ana umri wa miaka tisa, na watoto hawataki hata kusikia habari ya kumwacha. Mwaka juzi alichomwa kwa siku moja chanjo ya kichaa cha mbwa pamoja na ile ya mchanganyiko (sindano moja ya kukinga magonjwa kadhaa, kama parvo na distempa), na haikupita saa moja uso ukamvimba, akatapika na kulegea hadi akawekewa dripu. Tangu hapo hatujamchanja tena. Zaidi ya hayo aliwahi kuugua homa ya kupe, na sasa anatumia vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya muwasho wa ngozi. Chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, amewekewa mwezi uliopita, baada ya safari kuamuliwa. Je, daktari anaweza kutuandikia barua ya kumsamehe chanjo? Na kama damu yake ikionyesha kwamba bado ana kinga ya ile chanjo ya zamani, haitoshi?

Daktari wa mifugo, Arusha

Mama Neema, pole kwa yaliyompata Popi. Nianze na jibu lisilopendeza: Umoja wa Ulaya hautoi msamaha wa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa sababu ya ugonjwa, kwa hiyo barua ya daktari haitamvusha mpakani. Kipimo cha damu nacho hakichukui nafasi ya chanjo, bali huifuata. Chanjo ya mwaka juzi haihesabiki hata kama muda wake ungekuwa haujaisha, kwa kuwa ilichomwa kabla ya chipu, na sheria inataka mnyama atambulike kwanza ndipo achanjwe.

Utaratibu kwa nchi kama Tanzania na Kenya, ambazo hazimo katika orodha ya nchi zilizopewa nafuu, ni huu: baada ya chipu anachanjwa, zikipita siku zisizopungua 30 anatolewa damu, nayo inapimwa katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, kiwango cha kingamwili kisipungue 0.5 kwa vipimo vya kimataifa katika kila mililita. Kisha mnasubiri miezi 3 kuanzia siku damu ilipotolewa. Cheti cha afya kinachothibitishwa na daktari wa serikali hutolewa mwishoni kabisa, kwa sababu hudumu siku 10 tu hadi mnyama akaguliwe anapoingia.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote. Ujerumani inamdai Popi chanjo moja tu, ya kichaa cha mbwa. Ile ya mchanganyiko haimo katika masharti ya kuingia, ingawa kliniki nyingi huzichoma pamoja kwa mazoea, ili mwenye mbwa asirudi mara ya pili. Mbwa anapochomwa chanjo kadhaa kwa mkupuo, hasa akiwa mdogo wa mwili, uwezekano wa kupata mzio huongezeka, na baada ya tukio la namna hiyo hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni sindano ipi iliyomdhuru. Kwa hiyo mwambie daktari wako waziwazi kwamba siku hiyo achomwe sindano moja, na ikiwezekana iwe ya kampuni tofauti na ile ya mwaka juzi, kwa kuwa vichanganyio vyake huenda visiwe vilevile.

Kabla ya hapo apimwe damu: chembe zote, chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), ini, figo, na vimelea vya kupe, maana homa ya kupe huweza kujificha mwilini kwa muda mrefu mbwa akionekana mzima. Akikutwa nayo, atibiwe kwanza. Prednisoloni msimwachishe ghafla kwa uamuzi wenu, kwani mwili uliozoea dawa hiyo unaweza kuanguka vibaya. Hata hivyo, dozi kubwa hupunguza uwezo wa mwili kuitikia chanjo, hivyo daktari aangalie kama inaweza kushushwa taratibu wiki kadhaa kabla.

Siku yenyewe iwe asubuhi, katikati ya wiki. Apewe dawa ya kuzuia mzio kabla ya sindano, awe tayari amewekewa kanula (kimrija cha mshipani), adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, iwe mezani, na msiondoke kliniki kwa saa mbili au tatu. Dawa ya kuzuia mzio haizuii kila kitu, ndiyo maana kukaa hapo ni muhimu kuliko kidonge chenyewe. Chanjo hii imetengenezwa kwa virusi vilivyouawa, kwa hiyo haiwezi kumpa ugonjwa hata kama mwili wake ni dhaifu.

Mzee wa Pongwe, Tanga

Mwanangu, simpingi daktari, lakini mbwa wa miaka tisa ni mzee tayari. Vipimo vikionyesha figo au moyo umechoka, mfikirieni yeye kabla ya machozi ya watoto. Kumwacha kwa ndugu anayempenda, katika uwanja anaoufahamu, si kumtupa. Ila hata akibaki, kichaa cha mbwa kipo hapa kwetu, na uamuzi wa chanjo utawangoja palepale.

Bi Rahma, Mombasa

Dada, mimi nilimpeleka Uholanzi paka mwenye ugonjwa wa figo, kwa masharti hayohayo. Daktari alisubiri hadi vipimo vya figo vilipotulia kwa mara mbili mfululizo ndipo akamchanja, na sindano akaichoma chini mguuni, kwa sababu paka huweza mara chache kuota uvimbe mbaya mahali alipochomwa, na mguuni ni rahisi kuutibu kuliko mgongoni.

Kilichonitesa ni makaratasi. Hakikisheni namba ya chipu, yenye tarakimu 15, inasomwa kwa mashine kabla ya chanjo na tena kabla ya kutoa damu, na kwamba ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye kadi ya chanjo, fomu ya maabara na cheti. Kwangu tarakimu mbili zilibadilishana nafasi kwenye fomu, na kuisahihisha kulitupotezea muda mwingi.

Mama Neema, Dar es Salaam

Ahsanteni sana. Daktari, je, kipimo kikishindwa kufika 0.5 kwa sababu ya prednisoloni, Desemba imetuponyoka? Na ile ya mchanganyiko aachane nayo kabisa?

Daktari wa mifugo, Arusha

Kikishindwa, huchanjwa tena, hungoja siku 30, hupimwa upya, na ile miezi 3 huanza kuhesabiwa kutoka kwenye damu ya pili. Ndiyo maana nashauri achanjwe kabla Juni haijaisha, ili hata mkilazimika kurudia, safari iangukie katikati ya Desemba. Mkichelewa hadi Agosti, mnategemea kipimo cha kwanza peke yake.

Ya mchanganyiko isubiri. Mbwa mzima aliyekwisha kuchanjwa vizuri hahitaji sehemu ya virusi kila mwaka. Miaka 3 inatosha, na kinga dhidi ya parvo na distempa inaweza kupimwa kwa damu badala ya kukisia. Mkifika Leipzig, mpeni daktari wa huko maelezo ya maandishi ya mzio wa mwaka juzi, na chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kabla ya tarehe yake kuisha. Ikipitwa hata kwa siku moja, kipimo cha damu nacho hupoteza nguvu, na mkitaka kuja naye likizo kisha kurudi naye Ujerumani mtaanza upya.