Kutafuta thamani ya g maabarani: pendulamu au springi?

Mwalimu wa Zamu: Ndugu walimu, nina vipindi viwili mfululizo vya maabara na Kidato cha Tano, nami nataka wapate thamani ya g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia, kwa kutumia mwendo hamoni sahili, yaani mwendo wa kwenda na kurudi kama wa bembea. Vifaa vilivyopo vinaruhusu njia mbili: pendulamu ya uzi na kigololi cha chuma, au springi inayoning'inizwa mizigo. Muda hautoshi kufanya zote mbili. Ipi inafaa zaidi?

Mpima Muda: Mwalimu, chagua pendulamu. Uzi wa mita 1 hukamilisha mbembeo mmoja, kwenda na kurudi, kwa takriban sekunde 2, kwa hiyo mibembeo 20 huchukua sekunde 40. Mwanafunzi akikosea kubonyeza saa kwa sekunde 0.2, kosa la muda ni asilimia 0.5, na la g ni asilimia 1, kwa kuwa muda huingia katika fomula ukiwa kipeo cha pili. Springi iliyorefushwa sentimita 10 na mzigo wake hubembea kwa sekunde 0.63 tu, mibembeo 20 huisha kabla ya sekunde 13, na kosa lilelile la kidole huharibu g kwa zaidi ya asilimia 3.

Fundi Maabara: Hesabu hiyo ni sahihi, ila fomula ya pendulamu inadai pembe ndogo. Pembe ya nyuzi 10 (10°) huongeza muda kwa takriban asilimia 0.2, lakini ya nyuzi 30 huongeza asilimia 1.7, na wanafunzi wasiposimamiwa huvuta kigololi mpaka kinakaribia kugonga stendi. Springi haina sharti hilo maadamu haijavutwa kupita kikomo chake cha unyumbufu wala haijalegea inapopanda, kwa sababu kani inayoirudisha hulingana moja kwa moja na umbali kutoka mahali pa utulivu. Tena si lazima kujua tungamo la mzigo: T² = 4π²e/g, ambapo T ni muda wa mbembeo mmoja na e ni urefu ulioongezeka.

Mstari Mnyoofu: Fomula hiyo inasahau tungamo la springi yenyewe, ambayo theluthi yake huhesabika pamoja na mzigo. Anayetegemea kipimo kimoja atapata g iliyo ndogo kuliko inavyostahili. Achore grafu ya T² dhidi ya e. Mstari hautapita kwenye sifuri, lakini mwinamo wake utabaki 4π²/g. Grafu humwokoa hata mtumiaji wa pendulamu aliyepima uzi hadi juu ya kigololi badala ya katikati yake.

Mwalimu wa Zamu: Nashukuru. Watatumia pendulamu, urefu wa sentimita 40 hadi 100, na springi nitaionyesha mezani mbele ninapoeleza kani. Je, atakayepata 9.78 m/s² badala ya 9.81 nimkate alama?

Fundi Maabara: Hapana, Mwalimu. Kwenye ikweta, usawa wa bahari, g ni takriban 9.78, ilhali kwenye ncha za dunia ni 9.83. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta, akaikuta ikichelewa takriban dakika mbili na nusu kwa siku. Hata hivyo, tofauti ya 9.78 na 9.81 ni asilimia 0.3, nayo imemezwa na lile kosa la asilimia 1 la saa ya mkononi. Sahihisha grafu na makadirio ya kosa, na uhakikishe wanaanza kuhesabu kwa "sifuri" kigololi kinapopita katikati. Anayeanza kwa "moja" huhesabu mibembeo 19 akidhani ni 20, na g yake hupanda hadi karibu 10.8.