Tupeane uzoefu: usiku uliokimbia kipigo, nani alikufungulia mlango?

MamaWawili_Nakuru: Leo nimepishana na dada sokoni, kavaa miwani ya jua na mvua inanyesha. Nikajikumbuka Kaptembwo, 2016. Aliyenifungulia mimi ni mama chapati wa pale kona. Nyinyi je?

Nyar_Kano: Umenitonesha. Nyalenda, saa nane usiku, mtoto mgongoni, kandambili mguu mmoja. Mama mkwe alishaniambia nivumilie, ndoa ni hivyo. Nikabisha milango mitatu, wakazima taa. Wa nne ni mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Hakuniuliza nimemkosea nini mume wangu. Alinitupia leso, akachukua sufuria na mwiko, akagonga mpaka ploti nzima ikatoka na tochi. Yule bwana akarudi nyuma na panga lake. Asubuhi tukaenda kituoni. Askari akasema mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Mama akaketi pale mlangoni, akafunua karai lake la omena. Jua likapanda. Ile harufu ndiyo iliyotuandikia OB, lile daftari la matukio la polisi, na fomu ya P3, ya daktari kujaza majeraha, nikaondoka nayo.

BodaKondele: 😂😂 Omena oyee! Huyo mama bado yuko?

Wa_Rhonda: Hata mimi, milango mitatu.

Jirani_Mwema: Pole. Ila wazee wangekaa, mtu atozwe mbuzi, yaishe bila kuanikana.

Damu_ya_Busia: Wazee gani? Busia 2013 waliombaka msichana walipewa na polisi adhabu ya kufyeka nyasi kituoni. Mpaka watu zaidi ya milioni wakatia sahihi kulalamika, ndiyo 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Mbuzi wako mle wenyewe.

Jirani_Mwema: Nimesema kupigwa, sikusema kubakwa. Soma kwanza.

Damu_ya_Busia: Nimesoma. Mbuzi ni yule yule.

BodaKondele: Turudi kwa omena jamani.

Sista_Mstaafu: Aliyebakwa asioge, aende hospitali kwanza, polisi baadaye. Dawa za kuzuia Ukimwi zina saa 72, lakini mapema ni bora. Nguo afunge kwenye juala.

Kliniki_Mumias: Sista, si juala! Unyevu unaharibu ushahidi. Karatasi ya kaki au gazeti. Na majuala yalipigwa marufuku 2017 😅

Sista_Mstaafu: Kweli, uzee. Gazeti. Na 1195, simu ya msaada wa ukatili wa kijinsia, kupiga ni bure.

Kitale_Juu: Piga, lakini hama kwanza. Rebecca Cheptegei, yule mkimbiaji wa Uganda, alimwagiwa petroli na mpenzi wake wa zamani hapa kwetu Trans Nzoia, Septemba 2024, hata mwezi haujaisha tangu akimbie marathoni Paris.

Wa_Rhonda: Uhame na watoto wanne uende wapi?

MamaWawili_Nakuru: Novemba 25 tukianza zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, mabango huwa ya wakubwa tu. Grace Onyango, meya wa Kisumu 1965, anastahili, sikatai. Na wa sufuria?

Nyar_Kano: @BodaKondele yuko, Jumapili yuko soko la Kibuye. Nikinunua gorogoro moja ananiongeza mpaka namwagika. Nikimlipa ya juu ananifukuza na ule ule mwiko.