Mjadala: Peptidi za mwilini mwetu zitatuokoa na usugu wa dawa?

Kijana wa Chumbageni: Wakuu, mwili unajitengenezea silaha zake. Mojawapo ni LL-37, peptidi, yaani mnyororo mfupi wa amino asidi (vijenzi vya protini), hapa 37. Ina chaji chanya, utando wa bakteria una chaji hasi, basi LL-37 inanata juu yake na kuutoboa. Wamekata kipande cha amino asidi 12 tu, KR-12, na bado kinaua bakteria. Serikali iweke hela huko, au ihangaike na maduka yanayouza antibiotiki kama amoksilini bila cheti cha daktari, mpaka bakteria wanazizoea?

Mama Duka Ngamiani: Maduka, kila siku maduka! Mteja anakuja na mia tano, anataka vidonge vinne. Ukimdai cheti anavuka barabara kwa jirani. Nimfunge kamba?

Mpwani wa Bagamoyo: Si ndiyo mambo ya kulamba kidonda hayo? Watu wa Tanga mlishaanza bila utafiti, hahaha.

Mwana Pangani: Umeanza. Nani kakuambia tunalamba?

Muuguzi Mstaafu: Wanangu, msilambe. Mate yana histatini, inaua fangasi, sawa, lakini mdomo nao una bakteria wake. Nilikuwa na mgonjwa anapaka mate kila alfajiri kabla ya mswaki. Nilipofungua bandeji, wodi nzima ilinuka kama soko la samaki la Deep Sea saa saba mchana.

Mwana Pangani: Shikamoo bibi, tumesikia. Ila huyu aombe radhi.

Mpwani wa Bagamoyo: Radhi ya utani? Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwetu, nyie mna nini?

Mwana Pangani: Na Korogwe! Korogwe iko mkoa gani, mzee?

Kijana wa Chumbageni: Jamani, peptidi...

Wa Maabara: Kijana, hakuna miujiza. LL-37 nzima ikizidi inadhuru hata seli zetu, vimeng'enya vinaikatakata, na kuitengeneza ni ghali. Ndiyo maana wanakimbilia vipande. Kwenye jaribio moja dogo la vidonda sugu vya miguu, dozi za chini zilisaidia, ya juu kabisa haikuizidi dawa ya kulinganishia isiyo na kiini.

Mama Duka Ngamiani: Kwa hiyo hata hiyo mtu akizidisha ni balaa. Na bado mtasema kosa la duka.

Wa Maabara: Mama, sijataja duka.

Mama Duka Ngamiani: Kijana kataja, umenyamaza.

Mpwani wa Bagamoyo: Haya, Korogwe nimewapa. Kulamba je?